Peugeot 504 ya marehemu baba inazunguka vizuri ila haitoi moto (cheche) kabisa, koili mpya plagi mpya, naombeni msaada hatua kwa hatua

KijanaWaKigurunyembe
Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikosesha usingizi wiki ya pili sasa. Nina Peugeot 504 GL ya 1979, ile ya injini 1971 cc ya kabureta, gari ya marehemu baba, alikuwa bwana shamba huku Morogoro na hii gari ndo imetupeleka shule wote watano. Tangu atutoke nimekua naiwasha kila jumamosi naipeleka mpaka Mikese narudi.

Sasa nikiwa narudi, karibu na Nanenane, ikaanza kukatakata kama inaishiwa mafuta, yani nikikanyaga kidogo inakata, nikiachia inarudi, nikikanyaga inakata, mwisho ikazima moja kwa moja. Tukaivuta hadi gereji. Fundi akashika koili akakuta ya moto kama sufuria, akasema koili imeungua. Nikanunua koili mpya. Haikuwaka. Akasema plagi, nikanunua zote 4. Akasema kondensa, nikanunua. Akasema rota na kofia ya distributa, nikanunua. Laki moja na themanini imeshaenda na hata cheche moja sijaiona, stata inazunguka vizuri, betri nzima, mafuta yanafika kwenye kabureta nayanusa kabisa.

Saiv fundi anasema nitoe injini niweke ya Toyota. Na watu wa skrepa wameshakuja kwa mama mara mbili wanataka kuipima kwa kilo, mama amechoka kuiona imekaa uani. Mimi nataka iwake ikiwa na injini yake. Nina mita ya kupimia umeme, nina bisibisi na spana, kusoma mita najua. Naomba mwongozo.

Spana_Kumi
Pole mkuu. Mi nakushauri kwa nia njema sikiliza fundi wako, spea za hizo gari zimekua shida, weka injini ya Toyota utatembea bila mawazo. Baba mdogo alifanya hivo kwenye pikapu yake ya 504 na mpaka leo inabeba nyanya.

KijanaWaKigurunyembe
Asante mkuu, nimekuelewa na sijakataa kwamba inawezekana. Ila injini ni nzima, haili oili, haitoi moshi, nitaitoaje kwa sababu ya cheche? Acha kwanza nijaribu kujua tatizo ni nini.

Wa_Thika_Road
Niaje wadau. Huyu jamaa yuko sawa, usitoe engine juu ya spark, hiyo ni kama kubomoa nyumba sababu taa haiwaki. 504 ni gari imeheshimika, ilitoka 1968, ikashinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, tena 1978 ile coupe ya V6 na Jean-Pierre Nicolas. Na huku Kenya zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa. Kuna fundi mmoja wa Mombasa hupita hapa jioni, mzee wa haya magari, mngojee. Na ukipata nafasi toa pointi, ile swichi ndogo ya kufunga na kufungua umeme wa koili, kabisa uweke ile kifaa ya elektroniki inaingia ndani ya distributa, utasahau hizi stori.

FundiMkongweKisauni
Nimeusoma uzi wote. Mwanangu wa Morogoro, pole sana kwa kufiwa na baba, na hongera kwa kutoikimbia gari yake. Mimi nimeanza kushika 504 mwaka 1981 nikiwa kijana wa kuosha vyuma kwa petroli, hizi station wagon zilikuwa zabeba abiria masafa marefu usiku kucha, kwa hivyo nimeona nyingi zikizima.

Kabla sijasema lolote nataka unijibu mambo matatu. La kwanza, huo moto mliuangalia wapi, kwenye plagi au kwenye waya mnene wa katikati utokao kwenye koili? La pili, hiyo koili mpya, ukiwasha swichi bila kupiga stata ukaiacha dakika tano, nayo yapata moto? La tatu, fundi aligusa pointi lini mara ya mwisho?

Na usinunue kitu chochote tena mpaka nikwambie.

KijanaWaKigurunyembe
Shikamoo mzee. Nashukuru sana.
1. Tuliangalia kwenye plagi tu, tulitoa plagi moja tukaigusisha kwenye injini.
2. Nimetoka kujaribu saiv hivi, ndio, inapata moto, dakika kama nne hivi nimeshindwa kuishika nikazima swichi.
3. Pointi sijui, nadhani baba mwenyewe ndo aliziweka, miaka mitatu au minne nyuma.

FundiMkongweKisauni
Marahaba mwanangu. Hilo la pili limenifurahisha, nitakwambia kwa nini baadaye, na toka leo usiache swichi imewashwa na injini haizunguki.

Sasa sikiliza. Njia ya moto ni mbili. Ya kwanza ni ndogo, volti 12, yatoka betri yapita swichi yaingia koili upande wa positivi, yatoka negativi kwa kiwaya chembamba, yaenda kwenye pointi ndani ya distributa, na pointi zikifunga yaishia kwenye mwili wa gari. Ya pili ni kubwa, zaidi ya volti elfu 20, yatoka katikati ya koili kwa waya mnene, yaingia kofia ya distributa, yapita juu ya rota, kile kipande kizungukacho chini ya kofia, yagawanywa plagi nne. Ukiangalia moto kwenye plagi na haupo, wajua tu kwamba mahali fulani kati ya betri na plagi kuna tatizo. Hujajua ni njia gani. Ndiyo sababu gereji walikuwa wakibahatisha.

Chomoa ule waya mnene kwenye kofia, katikati. Ushike kwa koleo lenye mpini wa plastiki mkavu, si kwa mkono, weka ncha yake mbali na chuma cha injini kama milimita sita, mtu apige stata. Kabureta ifunikwe na pasiwe na petroli imemwagika. Na usiuache ule waya ukining'inia bila chuma karibu, maana umeme ukikosa pa kurukia hutafuta njia ndani ya koili ukaipasua. Wataka cheche ya buluu yenye sauti, tap tap tap. Ile nyembamba ya manjano si moto wa kuendesha gari.

Nijibu.

KijanaWaKigurunyembe
Nimefanya mzee, mdogo wangu kapiga stata mara tatu. Hakuna kitu. Hakuna buluu hakuna manjano.

FundiMkongweKisauni
Vizuri. Basi rota, kofia, waya za plagi na plagi zenyewe tuziweke kando kwa sasa, huko tutarudi. Tatizo liko njia ndogo au ndani ya koili.

Chukua mita, weka kwenye volti za dc. Waya mweusi kwenye negativi ya betri, si kwenye boneti, boneti zina rangi na kutu. Swichi iwe imewashwa. Pima vituo hivi uniandikie namba: betri yenyewe, koili positivi, koili positivi ukipiga stata. Halafu fungua kofia ya distributa, toa rota, zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli taratibu mpaka pointi zifunguke, uzione kwa macho zimeachana. Pima koili negativi. Zungusha tena zifunge, pima koili negativi tena.

Mhandisi_wa_Tabora
Mzee ruhusa niongezee hapo kwa faida ya wasomaji wengine. Kwenye negativi ya koili namba zinazotakiwa ni hivi, pointi zikiwa wazi usome karibu sawa na betri, volti 12 na kitu, kwa sababu umeme umefika pale umesimama hauna pa kwenda. Zikiwa zimefunga usome karibu na sifuri, 0.2 hivi. Ukipata 12 muda wote maana yake pointi hazifungi, zina kutu au mafuta au kuna waya umekatika. Ukipata sifuri muda wote, ama koili imekatika ndani haipitishi, ama umeme unaenda chini bila kupitia pointi. Hicho kituo kimoja kinakwambia nusu ya kesi.

KijanaWaKigurunyembe
Nimechelewa nilikua kazini. Namba ni hizi:
betri 12.6
koili positivi swichi on 12.1
koili positivi nikipiga stata 10.2
koili negativi pointi wazi 0.02
koili negativi pointi zimefunga 0.01

Nimerudia mara tatu pointi zikiwa wazi nikidhani nimekosea, nikaweka hadi kipande cha katoni katikati ya pointi zisigusane kabisa, bado 0.02.

Spana_Kumi
Kwaiyo koili mpya nayo mbovu??

FundiMkongweKisauni
La, usiseme hivyo upesi, ndipo watu wapotezapo pesa. Mhandisi kasema sifuri ina sababu mbili, na kuzitenga ni dakika moja. Kijana, acha ile katoni hapo hapo. Chomoa kiwaya chembamba kwenye negativi ya koili, hicho kiendacho kwenye distributa, kisiguse popote. Swichi on. Pima pale kwenye negativi ya koili penyewe. Ikisoma 12 na kitu basi koili yapitisha, na kinachoiua kiko upande wa distributa. Ikibaki sifuri basi koili imekatika ndani.

Mimi nishajua itasoma ngapi, lakini pima.

KijanaWaKigurunyembe
12.4!!!

FundiMkongweKisauni
Ndiyo. Niliijua kwa lile jibu lako la koili kupata moto. Koili iliyokatika ndani haiwezi kupata moto, umeme haupiti. Koili yako yapata moto kwa sababu umeme wapita humo bila kupumzika, swichi ikiwa on wateremka chini moja kwa moja. Hata ile ya zamani aliyoishika fundi ikawa kama sufuria, nina hakika ni nzima. Usiitupe.

Mhandisi_wa_Tabora
Kwa hesabu, koili ya namna hii ina kama omu 3 kwenye njia ndogo. Volti 12 gawa kwa 3 ni ampia 4, mara volti 12 ni wati 48. Gari ikitembea pointi zinafunga na kufungua, injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika pointi zinafunguka mara 6000, mara 100 kila sekunde, kwaiyo koili inapata kupumua. Ikikosa kufunguliwa zile wati 48 zinakaa mfululizo ndani ya kopo lenye mafuta. Ndo maana inaunguza mkono.

Na moto wenyewe hauzaliwi pointi zikifunga. Zikifunga koili inajijaza usumaku, zikifunguka ghafla ule usumaku unaanguka na hapo ndipo zinapatikana zile volti elfu 20. Kama umeme haukatwi, usumaku hauanguki, hakuna cheche. Gari yako ilikua imejaa umeme muda wote ila haukua unakatwa.

KijanaWaKigurunyembe
Hiyo ya mwisho nimeisoma mara mbili, leo ndo nimeelewa pointi zinafanya nini. Sasa mzee nielekee wapi?

FundiMkongweKisauni
Rudisha kiwaya kwenye koili. Kondensa yako, kile kikopo kidogo kinachopunguza cheche kwenye pointi, iko nje, pembeni ya distributa, waya wake waingia kwenye kile kituo cha ubavuni. Uchomoe huo waya wa kondensa peke yake. Pima tena negativi, katoni ikiwa bado kwenye pointi. Namba ikipanda kondensa imekufa kwa kushikana ndani. Ikibaki sifuri kondensa haina kosa.

KijanaWaKigurunyembe
Bado 0.02. Kondensa sio.

FundiMkongweKisauni
Basi wabaki watu wawili, pointi zenyewe kwenye kile kipande cha kuzitenga na sahani, au kiwaya cha ndani kitokacho kituo cha ubavuni kwenda kwenye pointi. Mimi pesa yangu iko kwenye kiwaya, na sababu uliitaja wewe mwenyewe siku ya kwanza. Ulisema ukikanyaga kidogo inakata, ukiachia inarudi. Ile sahani iliyobeba pointi haikukazwa, huzunguka kidogo, yavutwa na vakyumu kutoka kabureta ukikanyaga. Kila ikivutwa, kile kiwaya chanyooka na kujikuna mahali kinapopita ukuta wa distributa. Baada ya miaka gamba lake hukauka, hupasuka.

Chomoa betri. Weka mita kwenye ile itoayo mlio waya zikigusana. Ncha moja kwenye kiwaya, nyingine kwenye mwili wa distributa, katoni bado ipo. Italia. Kisha sogeza sahani taratibu kwa bisibisi, mbele nyuma, usikilize.

BintiWaGerezani
Nafuatilia huu uzi tangu jana dukani watu wananiuliza nasoma nini. Mimi nauza spea Gerezani hapa Dar, duka aliliacha baba, na nimeuza kondensa nyingi mno kwa watu ambao tatizo lao halikua kondensa, mtu akija na orodha ya fundi wake mimi siwezi kumkatalia. Naombeni mtu akimaliza huu mpangilio auweke pamoja niuchapishe nibandike kaunta.

KijanaWaKigurunyembe
WAKUU. Nimeipata.

Mita ililia kama alivosema mzee, nikaanza kusogeza sahani, ikawa inalia inanyamaza inalia inanyamaza. Nikachukua tochi ya simu na kioo kidogo cha mama, nikaangalia pale kiwaya kinapopita ukutani, gamba lote limepukutika, kimebaki shaba tupu na nyuzi tatu nne zimekatika zimejikunja zinagusa ukuta wa distributa. Kile kiplastiki cha kukikinga kimevunjika nusu yake haipo. Nimepiga picha ila uzito wa picha umekataa nitajaribu tena usiku.

Yani wiki mbili zote na hela zote zile ni kiwaya kisichozidi urefu wa kidole.

Wa_Thika_Road
Maze mzee ameitaja akiwa Mombasa bila kuona gari 👏👏

FundiMkongweKisauni
Gari imejieleza yenyewe kwa mdomo wa mwenyewe, mimi nimesikiliza.

Sasa kukitengeneza. Usitumie waya wowote wa nyumba wala ule wenye nyuzi nene tatu nne ndani, utakatika wiki hiyo hiyo maana pale pana kutikisika daima. Tafuta ule laini wenye nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, na gamba la silikoni, mafundi redio wanao, ni ule ule wa kwenye nyaya za mita. Ukate urefu uache ulegevu kidogo sahani izunguke bila kuuvuta, lakini usiwe mrefu ukafika kwenye kemu, ule mhimili wenye pembe ufunguao pointi. Uchomelee kwa risasi na ukaze. Pale ukutani weka kipira, usipopata kile cha asili kata kipande cha mpira mgumu usioharibiwa na mafuta. Na ule mpangilio wa vikatizi, zile washa za kuzuia umeme usiguse mwili, kwenye kituo cha ubavuni uandike kabla ya kufungua, kimoja kikikaa upande usio wake umerudi kule kule kwenye sifuri.

Ukishafanya, safisha pointi kwa msasa mwembamba sana kisha pitisha karatasi kavu safi katikati yake kuondoa vumbi. Uwazi wake zikiwa zimefunguka mwisho ni milimita 0.40. Tumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Tone moja la grisi kwenye kemu, moja tu, ikizidi yarukia kwenye pointi.

KijanaWaKigurunyembe
Jumamosi saa 5 asubuhi.

Nimeweka waya mpya nimetoa kwa fundi redio pale sokoni, elfu moja tu. Pointi nimesafisha, fila geji nimeazima. Namba mpya za koili negativi: wazi 12.3, zimefunga 0.15. Waya mnene wa katikati unatoa cheche ya buluu inaruka milimita nane na sauti yake unaisikia kabisa tap tap. Mama ametoka nje kuja kuangalia.

Ila haijawaka. Nimepiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Nimetoa plagi nimeigusisha, hakuna moto kwenye plagi. Zote nne. Nimeishiwa nguvu jamani.

Mhandisi_wa_Tabora
Usiishiwe, hii ni hatua kubwa. Siku ya kwanza ulikua hujui njia ipi, saiv njia ndogo na koili vimethibitika kwa namba. Moto unatoka kwenye koili haufiki kwenye plagi. Zikikosa zote nne kwa pamoja sio waya za plagi, waya nne haziwezi kufa siku moja. Ni kile kitu kinachohudumia zote nne, rota au kile kikaa cha katikati ya kofia. Na vyote hivyo ni vipya, vilinunuliwa juzi.

BintiWaGerezani
Hapo kwenye rota mpya naomba niseme. Kuna rota za bei ya chini zinaingia sokoni, ukiishika ni nyepesi, plastiki yake nyeusi sana na inang'aa, na kale ka-ribiti (kamsumari) kanakoshika shaba kamepitiliza hadi chini karibu na mhimili. Umeme unakuta njia fupi ya kwenda chini kupitia mle ndani kuliko kwenda kwenye plagi. Kwa macho ni nzuri kuliko ya zamani. Zimesharudishwa kwangu mara kadhaa nikaacha kuziagiza. Kama ya zamani unayo usiiache mbali.

FundiMkongweKisauni
Binti kasema kweli tupu. Jaribio lake ni jepesi. Kofia nje, rota mpya ikae mahali pake kwenye mhimili. Shika ule waya mnene kwa koleo, ncha yake milimita tano juu ya shaba ya rota, pale katikati. Mtu apige stata. Rota nzima haina pa kupeleka umeme kwa hiyo hutaona cheche, au utaona moja dhaifu tu mwanzoni. Cheche ikiruka kwa nguvu kuingia kwenye rota, tena na tena, basi rota imetoboka, umeme wateremka kwenye mhimili.

KijanaWaKigurunyembe
Inaruka mzee. Inaruka kila mara, buluu kabisa, inaingia kwenye rota inapotea.

Nimeweka rota ya zamani ya baba, nimejaribu hivyo hivyo, haina cheche. Kumbe ile ya zamani ndo nzima na ndo ilitolewa.

Wa_Thika_Road
Kwa hivyo ungetengeneza waya bila kupima ungesema waya haikuwa shida. Shida mbili zimekaliana.

KijanaWaKigurunyembe
Nimerudisha rota ya baba, plagi zote zina moto. Sasa kuna kipya, nikipiga stata inapiga kwenye kabureta PAA, inabeua moto juu, mara mbili mdogo wangu amekimbia. Haishiki. Nilitoa waya zote nne za plagi kuzisafisha nikarudisha kwa mpangilio wa 1-3-4-2 nikihesabu namba moja kutoka mbele kwenye rejeta. Kofia ina alama ya rangi nyeupe kwenye tundu moja, nadhani aliiweka baba, hapo ndo nimeanzia na silinda ya mbele.

FundiMkongweKisauni
Acha stata kwanza usije ukachoma kabureta. Weka ndoo ya mchanga karibu.

Jibu liko kwenye hiyo alama ya baba. Kwenye 504 namba moja haiko kwenye rejeta. Iko nyuma, upande wa flaiwili, karibu na miguu ya dereva. Wafaransa huhesabu hivyo kwenye injini hii. Magari mengi mengine yahesabu kutoka mbele, ndipo watu wachanganyikiwapo. Baba yako alijua, akaweka rangi kwenye tundu la namba moja ya kweli, wewe ukalipeleka silinda ya mbele. Moto wako waja wakati valvu ya kuingiza iko wazi ndiyo sababu wapigia kwenye kabureta.

Ajabu yake ni kwamba mpangilio wenyewe 1-3-4-2 haubadiliki ukihesabu kutoka nyuma au mbele, jaribu kuuandika kwenye karatasi utaona. Kilichobadilika ni pa kuanzia tu, umekwenda nusu duara. Kwa hiyo usiguse distributa wala taimingi. Tundu lenye rangi nyeupe waya wake upeleke silinda ya nyuma kabisa, kisha fuata mzunguko wa rota, 3, 4, 2, ukihesabu kuja mbele.

Spana_Kumi
Hii kitu ya namba moja kuwa nyuma ndo nasikia leo. Nimejifunza. Na nafuta ushauri wangu wa injini ya Toyota kwa hii gari.

KijanaWaKigurunyembe
Imewaka.

Imewaka stata ya pili. Ilitetemeka kidogo moshi mweusi ukatoka kwa yale mafuta yaliyokua yamejaa kisha ikatulia, ule mlio wake ule. Mama amekaa kwenye ngazi hajasema kitu muda mrefu. Baadae akaniambia nifungue mlango wa abiria, amekaa kiti chake kile kile, tumeenda mpaka Kihonda tumerudi, nimekanyaga kidogo nimekanyaga sana, haikati popote. Koili nimeishika tulivorudi, ina joto la kawaida mkono unakaa.

Mzee wa Kisauni Mungu akupe umri mrefu. Mhandisi, Binti wa Gerezani, na nyie wote asanteni. Wale wa skrepa wamepita tena jioni mama mwenyewe ndo amewajibu getini.

BintiWaGerezani
Nimelia mimi 😭 Hongera kaka. Ukija Dar pitia, nina kipira cha asili cha pale ukutani kwenye kopo la vitu vya zamani vya baba, sikuuzii nakupa.

Wa_Thika_Road
Mzee swali moja la mwisho, na ile mambo ya kuweka elektroniki badala ya pointi unasemaje? Mi naona ingemsaidia.

FundiMkongweKisauni
Si kitu kibaya, nimezifunga kwa watu na zatembea, haziliki kama pointi. Lakini nazo zina viwaya vyapita ukuta ule ule, na rota ni ile ile, kwa hiyo hata angekuwa nayo angezima pale pale Nanenane. Na ikifa porini haina cha kusafisha kwa msasa. Akitaka aiweke, lakini pointi na kondensa za zamani azitie kwenye mfuko ndani ya buti.

Kijana, mawili kabla sijalala. Hiyo rota mpya iliyotoboka ivunje kabisa, usiiweke kwenye boksi la spea, mtu ataiokota siku moja. Na kisigino cha pointi kilichokuwa kimekaa bila grisi kitajikalia upya, chalika kidogo mwanzoni na uwazi wapungua. Ukifika kilomita 500 fungua kofia upime tena, urudishe 0.40.

KijanaWaKigurunyembe
Sawa mzee. Nimeandika namba ya kilomita kwenye karatasi nimebandika kwenye kofia ya jua, 214,306. Ikifika 214,806 narudi hapa.